Vitanda vya Ghala la Mahindi

Vitanda havikupita mlangoni. Vyote vinane vilikuwa vimekamilika, vimepakwa vanishi, vimesimama juani kama ng'ombe waliogoma kuingia zizini, na wageni wa kwanza walikuwa wanafika saa kumi jioni.

Seremala alipima tena. Mlango, sentimita sitini. Kitanda, mita moja na nusu. Akapima mara ya nne, kana kwamba chuma kingemwonea huruma.

Hoteli yenyewe ilikuwa maghala manane ya chuma, marefu na ya mviringo, yaliyowahi kuhifadhi mahindi. Shemeji yake, mume wa dada yake, aliyanunua kwa bei ya vyuma chakavu, akatengeneza chumba kimoja ndani ya kila ghala. Majirani walimcheka, wakamwita Fukusi. Naye akalipokea jina, akaliandika kwenye kibao cha getini: wageni wataingia wakitambaa kupitia kijilango cha kutolea mahindi, walale humo kama fukusi ndani ya punje. Vyumba vikajaa miezi miwili kabla ya kufunguliwa.

Dada ndiye aliyemwombea kaka yake kazi. Seremala alishinda ndani ya maghala wiki nzima, akapima ukuta kwa kamba, kisha kwa zaidi ya mwezi akachonga nje vitanda vilivyopinda sawasawa na ukuta, hata karata isipite katikati. Wiki ile ya kupima, kila asubuhi aliingia kwa magoti, kila jioni akatoka kwa magoti, na hata siku moja hakuupima mlango. Fukusi alikuwa amemshauri atumie bolti. Alijibu kwamba bolti ni za mafundi baiskeli. Yeye huchomeka ulimi wa mbao katika tundu lake, akatia gundi; ikikauka, hata tembo haachanishi.

Sasa alilizunguka ghala la kwanza, akalizunguka tena, akakaa, akainuka. Fundi wa kuchomelea, aliyekuwa akifunga taa, alijitolea kuupanua mlango kwa dakika ishirini. Fukusi alikataa. Mlango ule ndio hoteli, alisema. Ukipanuliwa litabaki pipa lenye kitanda.

Saa saba. Saa saba na nusu. Seremala alikuwa bado analizunguka ghala, ndipo dada yake akaja na msumeno mkononi.

"Kaka, kata."

"Unajua unaniambia nikate nini?"

"Najua. Mimi ndiye niliyemwapia mume wangu kwamba wewe hukosei. Kata, au nimwite fundi baiskeli."

Fukusi akageukia ukutani, akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

Seremala akakata. Kila kitanda mapande matatu, kila pande akaliburuta ndani kwa magoti, akaunga kwa bolti alizopewa na fundi wa kuchomelea. Hakumtazama mtu. Bolti zilimponyoka, zikalia juu ya sakafu ya chuma.

Saa kumi ilipogonga, vitanda vitano vilikuwa ndani. Wageni wa maghala matatu walilala chini juu ya magodoro, na wawili kati yao wakaondoka asubuhi bila kunywa chai. Siku thelathini na nne za kuchonga zilipigwa msumeno mara kumi na sita. Meza na viti vya hoteli alipewa seremala mwingine. Na dada yake hakumwombea tena kazi kwa mtu yeyote.