Honi ya Kamate

Watu wa Ngezi, mtaa wetu hapa Bunia, waliniita Mama Adabu, na hawakuniita hivyo kwa heshima. Nilikaanga mandazi kando ya barabara, pale kona inapoteremka kuelekea mjini, na mtu anayekaa barabarani kutwa huona tabia za watu hata asipotaka. Niliwaona wanaotema mate mbele ya chakula cha wenzao. Niliwaona wenye baiskeli zilizosheheni mihogo wakikugonga bega, halafu wao ndio wanaokuuliza kama huna macho. Hao wote niliweza kuwasamehe. Walionipandisha hasira ni madereva.

Dereva wa Bunia akishika usukani husahau kwamba mama yake alitembea kwa miguu. Mvua ikinyesha, barabara yetu nyekundu hugeuka uji, naye hakwepi dimbwi, analitafuta. Watoto wa shule wanafika nyumbani wekundu kuanzia viatu hadi kola. Na honi! Anayekuja kumchukua mtu hashuki kupiga hodi. Anasimama langoni na kubonyeza mpaka mgonjwa wa nyumba ya tatu aamke. Mtu haitwi kama mbuzi. Nilisema hivyo kila siku, mwiko mkononi, nao wakacheka.

Aliyewashinda wote kwa utovu wa adabu alitoka tumbo moja na mimi. Kamate ni mdogo wangu, aliyeniita yaya, yaani dada mkubwa. Nilimlea kule Butembo mama yetu alipofariki, na baadaye akanifuata Ituri kutafuta maisha. Alikuwa na pikapu nyeupe ya kubeba samaki wa Tchomia, bandari ya ziwani, na honi ya pikapu hiyo ilikuwa na mafua: ililia mara mbili kwa sauti nene, ya tatu ikakwaruza. Mtaa mzima uliijua. Akifika kwangu haingii. Anaibonyeza tu, muziki juu, kiwiko nje ya dirisha.

"Weye, mulango yangu iko na mbao, gonga!" nilimfokea. "Adabu yako uliacha wapi?"

"Yaya Vahwere, gari haingoje mutu," alijibu akicheka. "Kuya, chukua samaki yako, miye nakimbia."

Nilimpenda mno, na alinichosha mno.

Hayo yalikuwa mambo ya siku za kawaida. Mwaka wa 2003, mwezi wa tano, wanajeshi wa Uganda walioushikilia mji walipoondoka, siku za kawaida ziliisha. Vijana wenye bunduki walikuwa wakiugombea mji, leo hawa, kesho wale, nasi tulilala tumevaa viatu. Binti yangu wa pekee, Falone, alikuwa na miaka kumi na sita, na vijana hao walikuwa wamekwisha kuchukua wasichana wa barabara ya nyuma yetu. Nilitaka jambo moja tu duniani: Falone afike Tchomia, apande mtumbwi, avuke ziwa hadi kwa shangazi yake Uganda. Gari lililobaki la kumfikisha lilikuwa la Kamate. Jirani yangu Jeannine, muuza chumvi, naye aliomba nafasi.

"Kesho nafuata samaki," Kamate alituambia Jumapili. "Jumatano nabeba Falone na Mama Jeannine. Mukisikia klaksoni, mutoke mbio. Sitazima moteri."

Jumatatu asubuhi nilikuta matawi barabarani.

Kwetu nyumba ikifiwa, matawi mabichi hulazwa barabarani mbele yake. Dereva akiyaona hupunguza mwendo, huzima muziki, wala hapigi honi. Mwenye baiskeli hushuka akaikokota. Na anayeyaondoa ni mfiwa peke yake, siku ya kumaliza matanga. Mwingine akiyagusa amejichukulia kilio. Sasa yalikuwa yamelazwa pale kwenye kona yangu, umande bado juu yake. Nikatazama nyumba zote. Hapakuwa na viti nje, hapakuwa na moto, hakuna aliyelia.

Ng'ambo ya barabara aliishi Mzee Anaclet, karani mstaafu. Alichukua fimbo yake akapita nyumba kwa nyumba akiuliza nani amefiwa. Wote walikataa, ila wengine walihesabu kwanza watoto wao ndipo wakajibu. Alirudi kwangu jua likiwa limeshapanda.

"Haiko na mwenyewe," aliniambia. "Ao mwenyewe iko, lakini hajajua."

Hakuna aliyeyagusa matawi yale, na kutwa nzima Ngezi ilikuwa na adabu ambayo sikuwahi kuiona. Baiskeli zilikokotwa. Waliotaka kutema mate walimeza. Hata lori la wenye bunduki lilipofika kwenye kona lilipunguza mwendo, na mmoja wao akavua kofia. Ningepaswa kufurahi. Badala yake nilitamani mtu yeyote apige kelele, atukane, afanye chochote. Niliunguza mandazi ya asubuhi yote.

Kamate alipita alasiri, akielekea ziwani. Honi yake ilisikika tangu juu. Aliyavamia matawi kwa mwendo uleule, akapiga honi juu yake, kisha akaja kusimama mbele ya lango langu. Tawi moja lilikuwa limenasa chini ya bampa. Alipofunga breki lilidondoka, likalala sawasawa langoni.

"Kamate! Unaniletea kilio mulangoni?"

"Ni majani tu, yaya. Ondoa."

"Nani ataondoa? Shuka uombe musamaha!"

"Nitaomba Jumatano," alisema, akapiga honi, akaenda zake.

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema Mzee Anaclet barazani kwake. Ni neno ambalo watu humwambia kila mtoto mkaidi, nami mwenyewe nilikuwa nimelisema mara nyingi juu ya Kamate. Siku hiyo nilitamani alirudishe mdomoni.

Tawi lilibaki. Jumanne jua lilichoma hata migomba yangu ikajikunja, lakini tawi lile lilikuwa bichi kama limekatwa dakika ile. Nilikuwa nikilizunguka kila nikitoka.

Jumatano alfajiri zilisikika risasi upande wa uwanja wa ndege, kisha kimya. Falone alikaa kitandani na kifurushi chake mapajani. Saa sita mchana mvua kubwa ilikuwa ikinyesha na honi bado haijalia. Nilikuwa nimeanza kumlaani Kamate moyoni niliposikia sauti nje.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya chini, ya mtu anayefikiri huenda wenyeji wamelala. Nikasema karibu. Hakuna aliyeingia.

"Hodi hapa," ilisema tena.

Nilijitupia kitenge kichwani nikaenda kufungua lango. Alikuwa Kamate. Alisimama ng'ambo ya lile tawi, mikono ameikunja mbele kama kijana aliyekuja kuposa.

"Naweza pita, yaya?"

"Pita, unanyeshewa!"

Alilizunguka tawi polepole asiliguse. Mlangoni alivua viatu. Alimsalimia Falone, akamuuliza alilalaje. Aliuliza hali ya mguu wangu unaouma. Mdogo wangu, ambaye hakuwahi kuuliza hali ya mtu tangu apate leseni, alisubiri nimwonyeshe kiti ndipo akakaa.

Nilifurahi, nasema kweli. Nilidhani vita vimemfunza kile mimi nilichoshindwa kumfunza.

"Adabu hii ulinunua Tchomia?" nikamtania. "Ni kilo ngapi?"

Akatabasamu kidogo. Falone alimletea maji. Aliyapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka glasi sakafuni kando ya kiti.

"Gari iko wapi?" nikauliza.

"Bamechukua."

"Nani?"

"Vijana. Kule muteremko ya ziwa."

"Na weye?"

"Miye nilikuya na miguu." Kisha akanitazama usoni. "Yaya, klaksoni yangu ikilia leo, musitoke. Hata ikilia sana. Falone asitoke."

"Nimesikia."

"Apana. Niambie tena."

Nikarudia maneno yake kama mtoto wa shule: honi ikilia tusitoke, Falone asitoke. Ndipo akainuka.

"Unisamehe kelele," alisema. "Kelele yote."

Alivaa viatu mlangoni akatoka. Nilikuwa na mandazi ya moto jikoni. Nikayafunga kwenye karatasi upesi, nikamkimbilia hadi barabarani. Barabara ilikuwa tupu, juu na chini. Mzee Anaclet alikuwa barazani kwake akiangalia mvua.

"Kamate amepita wapi?"

"Kamate?" Alinitazama kwa huruma. "Mama Falone, niko hapa tangu mvua ianze. Nilikuona unafungua, unasema pita, unafunga. Mutu hakuwa."

Nikageuka kuangalia uwanja wangu. Ulikuwa tope tupu kutoka langoni hadi mlangoni, na nyayo zote zilizokuwamo zilikuwa zangu. Ndani, glasi ilikuwa imejaa pomoni. Falone alikuwa amesimama ukutani, akiitazama glasi.

"Mama," alisema, "shati ya tonton Kamate ilikuwa kavu."

Sikupata nafasi ya kumjibu. Juu ya mteremko honi ililia mara mbili kwa sauti nene, ya tatu ikakwaruza.

Falone alishika kifurushi akainuka, si kwa kutaka, mwili tu ulikwisha kuzoea. Nilimshika mkono nikamkalisha chini. Gari lilikuja, likasimama langoni, likapiga honi. Muziki ulikuwa ule ule wake. Moteri haikuzimwa. Nilitambaa hadi langoni, nikachungulia kwenye ufa wa mbao. Niliona pikapu nyeupe na kiwiko nje ya dirisha, na kiwiko hicho kilikuwa na mkono wa shati la kijeshi.

Wakati huo lango la Jeannine lilifunguka. Alikuwa anakimbia kama alivyoelekezwa, beseni la nguo kichwani.

"Jeannine, usipande!" nilipiga kelele.

Honi ikalia tena, ndefu, ikameza jina lake. Nikaita tena kwa nguvu zangu zote, nayo ikalia juu ya sauti yangu. Nikasikia mlango wa gari ukibamizwa. Pikapu iliteremka mjini ikipiga honi kwenye malango mengine, na kwenye kila lango kulikuwa na watu waliokuwa wakingoja gari la kuwaokoa. Waliotoka hawajaonekana hadi leo, wala Jeannine. Beseni lake lilibaki limepinduka barabarani, likijaa mvua.

Siku ya Ijumaa Espoir, mchuuzi wa samaki, alifika kwangu kwa miguu kutoka ziwani. Alinisalimia, akauliza habari za nyumbani, akauliza za biashara, na kadiri salamu zilivyorefuka ndivyo nilivyojua.

"Ni lini?" nikamkatisha.

"Jumanne, Mama Falone. Asubuhi. Balimushusha kwenye muteremko, bakakwenda na gari." Alikuwa akiyaangalia mandazi yangu, si mimi. "Hatukuwa na jembe. Tulikata matawi, tukamufunika."

Jumanne asubuhi. Nami nilimkaribisha Jumatano mchana.

Sikulia pale pale. Nilitoka hadi langoni, na tawi lile lililokaa bichi siku zote hizo lilikuwa limenyauka, majani yamekunjamana. Nikakaa kando yake kwenye tope. Jirani mmoja alileta kiti, wa pili akaleta kuni, Mzee Anaclet akavua kofia yake, na hakuna aliyeniuliza nani amefariki. Matanga yalikuwa yamekwisha kuanza tangu Jumatatu, yakanisubiri. Siku ya kuyamaliza niliondoa tawi la langoni, kisha nikaenda kwenye kona nikaokota mengine yote, yakiwa bado na alama za magurudumu yake.

Husemwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Alikuja, tukapona. Falone alinusurika, leo ana watoto wake, na mmoja wao anaitwa Kamate. Amani ilirudi kidogo kidogo, magari nayo yakarudi, na tabia zao zilezile. Yanarusha tope. Yanapiga honi langoni bila mtu kushuka. Vijana wa mtaa wanashangaa kwamba Mama Adabu hatoki tena na mwiko.

Ninachokiogopa sasa ni hodi. Mtu akija taratibu, akasimama nje ya lango mikono ameikunja, akangoja kukaribishwa, mimi siendi langoni, Falone ndiye anayekwenda kufungua. Wageni wangu nimewaambia wakohoe, wacheke, wabamize lango. Wananiona nimekosa adabu uzeeni.

Na mvua ikinyesha mchana, huwa naketi kwenye kona nikisikiliza upande wa juu. Kamate, mdogo wangu, piga honi. Pita na muziki wako, nirushie tope nguo nzima. Nitatoka na mwiko nikutukane mpaka mtaa mzima usikie.