Bamba la Mwanatenga

Katika nchi ya Madahiro watawala hawakuwa na nyayo. Miguu walikuwa nayo, tena minene, inayopakwa mafuta asubuhi na jioni, lakini tangu siku walipotawazwa haikugusa ardhi tena, kwa maana huko kutawala ni kubebwa, na wananchi waliwaita Wabebwa. Walibebwa kwa machela kwenda barazani, wakabebwa kwenda maliwatoni, wakabebwa hata kuvuka ukumbi kwenda kunong'onezana, na kutoka huko juu waliuona mji wao umenyooka kama kanzu iliyotoka kupigwa pasi: mapaa, miti ya kivuli iliyopandwa na Jiji kila upande wa barabara, na chini ya miti hiyo njia nyembamba ya waendao kwa miguu, iliyotandikwa mabamba ya mawe. Barabara yenyewe ilikuwa ya mikokoteni na punda. Machela yalipita juu ya mabamba, kwa kuwa ndiko kulikokuwa laini, ila Wabebwa hawakulijua hilo. Hakuna aliyewahi kuinama kwenye mto wake kuuliza wanaombeba wanakanyaga wapi.

Sheria ya njia ilikuwa fupi. Bamba likiwa zima ni mali ya Jiji, na Jiji hutoza ushuru kwa kila anayetua kapu la mboga juu yake. Bamba likipasuka ni mali ya mwenye nyumba aliye mbele yake, naye hupewa siku saba kulitengeneza. Akishindwa, Jiji humng'olea mlango wa mbele na kwenda kuuegemeza kwenye ukuta wa Bohari Kuu, pamoja na milango ya wenzake, hadi atakapotii.

Asubuhi moja ya masika, Mwanatenga, mshona mikoba ya ukili wa Mtaa wa Kivulini, alifungua mlango akamkuta Bwana Shungi, mkaguzi wa Jiji, amepiga magoti mbele ya nyumba yake, anazungusha chaki nyekundu kwenye bamba lililoinuka upande mmoja na kupasuka katikati.

“Siku hizi hodi mnaipiga chini?” Mwanatenga aliuliza.

“Hongera, dada. Umepata bamba.” Shungi alimkabidhi hati yenye mhuri wa nta.

“Limepasuliwa na mzizi. Mti mlipanda nyinyi.”

“Mti ni wa Jiji. Ukiugusa mzizi, unafungwa.”

“Kwa hiyo nilitengeneze, mzizi ulipasue, nilitengeneze tena.”

“Dada yangu, mimi natembea na chaki tu. Sheria wanatunga waliokaa.”

Alijiinua huku ameshika kiuno. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kimeachama, kidole gumba kinachungulia nje, na Mwanatenga, ambaye alikuwa amekwisha kuliandaa tusi, alilimeza.

Nyuma yake, katika chumba cha mbele, alilala mumewe Barazi, fundi paa aliyeanguka kutoka juu ya paa la watu mwaka juzi na tangu hapo hakusimama. Chumba cha nyuma kilivuja, hivyo kitanda kilikaa hapo, hatua tatu kutoka mtaani. Hapo ndipo alipogeuzwa, akaoshwa, akalia siku za maumivu, na hakuna jirani aliyewahi kumwona, kwa sababu mlango ulikuwepo. Mlango ule ulikuwa nguo yake.

“Siku saba,” Barazi alisema kitandani. “Waache wauchukue. Nitajifunika shuka.”

“Usinikasirishe,” alisema mkewe, na akatoka tena. “Bwana Shungi! Hili bamba ni langu kweli?”

“Kabisa. Hati si hiyo?”

“Kitu changu naweza kukiingiza ndani?”

Shungi alikuna kichwa kwa chaki, akajipaka wekundu kwenye mvi. “Sheria imesema litengenezwe. Haijasema wapi.” Kisha akaharakisha kuondoka, kama mtu asiyetaka kuulizwa kwa nini alikuwa anatabasamu.

Mwanatenga alilibandua bamba kwa mtaimbo, akaliburuta hadi uani, akaziba ufa kwa saruji nyepesi na kuanza kufulia juu yake. Jioni jirani yake Mkanjo akaja kuchungulia ua. Kufikia siku ya tatu Kivulini nzima ilikuwa imeingiza mawe yake ndani, kwa kuwa mizizi haikuwa imebagua nyumba na kila mtu alikuwa na hati. Huko nje palibaki mtaro wa tope jekundu, na mvua ikaukoroga.

Siku ya saba, kwa kuwa daftari la Jiji halikuwa na bamba hata moja la Kivulini lililoandikwa kuwa limetengenezwa, Mbebwa Mkuu mwenyewe alikuja kusimamia ung'oaji wa milango. Wabebaji wake wanane walifika mwanzo wa mtaa wakasimama.

“Mbona tumesimama?”

“Njia imekwisha, Mtukufu.”

“Njia haiishi. Songeni!”

Walisonga. Hatua ya nne wa mbele alizama hadi gotini, machela yakalala upande, na Mbebwa Mkuu akateremka polepole kama uji unaomwagika, hadi miguu yake miwili ikaingia topeni. Alipiga kelele, lakini si kwa maumivu. Alikuwa amesahau kwamba ardhi ni ya baridi. Alijaribu kuinua mguu mmoja, akagundua kwamba mwingine haujui kusimama peke yake, na Mkanjo akamshika kiwiko asianguke, kama angemshika mzee yeyote.

“Nani ameondoa njia yangu?” alifoka.

Bwana Shungi, aliyekuja na mafundi wa kung'oa, alitoa daftari lake akaandika maneno hayo, neno kwa neno.

“Yako?” aliuliza Mwanatenga. “Basi itengeneze.”

Uso wa Mbebwa Mkuu ulivimba. Mafundi walikuwa tayari wamegusa bawaba, na mmoja alikuwa ameinua nyundo. Ndani, kitanda kililia.

“Mwanamke,” alisema Mbebwa Mkuu, sauti imeshuka sasa, karibu ya kubembeleza, maana tope lilikuwa linapanda. “Niombe radhi mbele ya hawa watu, nami nitauacha mlango wako.”

Mwanatenga aliugeukia mlango, akalikumbuka neno la Barazi kuhusu shuka. Aliutazama kwa muda mrefu hata fundi akashusha nyundo. Kisha akamrudia yule mzee aliyesimama topeni, akamtazama machoni, wakiwa kimo kimoja.

“Siombi,” alisema.