Shuka za Gulshan

Tangu Adero apate nafasi katika chuo cha ualimu kule Mbale, mama yake, Wilkista, alikuwa hatulii. Chuo kilitoa kitanda na godoro basi. Mengine yote, shuka, blanketi, ndoo, sahani, jembe, yalikuwa juu ya mzazi. Na mwaka ule wa sabini na sita, hapo Jinja penye kiwanda cha nguo, mtu aliweza kuingia duka hili na lile tangu sokoni hadi stesheni asipate hata kipande cha marekani. Rafu zilibaki na vumbi na viberiti. Sabuni ilikuwa ya magendo, na wenye magendo hawakupenda maswali.

"Kule stoo kuna sanduku," Wilkista alisema asubuhi moja, macho yakiwa kwenye sufuria.

Adero aliacha kupepeta mtama. Stoo ile haikuwahi kufunguliwa tangu wahamie. Nyumba ilikuwa ya Wahindi waliofukuzwa nchini, na baba yake, Geresom Ouma, sajini wa magereza, ndiye aliyegawiwa. Vitu vya wenyewe vilikuwa vimekwisha kidogo kidogo kama chumvi kwenye kopo. Cherehani iliuzwa, viti vilivunjika, sufuria zikazoeleka. Lakini stoo Geresom aliifunga kwa mkono wake na ufunguo akautia juu ya kabati, na hakuna aliyemwuliza sababu.

Adero hakuwahi kumwona mwenye chumba alichokuwa akilala, ila alimjua. Kwenye mwimo wa mlango palikuwa na mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine, na kando ya kila mstari jina lile lile: Gulshan. Walipohamia, Adero alisimama akaegemea mbao, akakuta mstari wa juu umempita. Sasa yeye ndiye aliyeupita, na jambo hilo lilimtia ubaridi. Yeye alikuwa anakua, yule mwingine amekoma pale pale. Mara nyingine, akitoka juani kuingia chumbani, alijikuta anakohoa kwanza mlangoni, kama mtu anayebisha hodi kwa watu.

Wilkista alipanda kigoda, akatoa ufunguo, akalileta sanduku la ngozi ya kahawia hadi sebuleni. Kufuli zake ndogo zilifunguka bila taabu. Ndani kulikuwa na shuka mbili nyeupe, taulo, blanketi jembamba, kandambili, kioo cha mkononi, na kipande cha sabuni ya kunukia kikiwa bado katika karatasi yake. Kila kitambaa kilishonewa kwenye pindo kibandiko kidogo chenye jina la Gulshan, kwa uzi mwekundu.

Adero alipiga magoti akavitazama. Havikuwa vitu vilivyoachwa ovyo na mtu anayekimbia. Vilipangwa kwa utulivu, vizito chini, vyepesi juu.

"Mama, huyu alikuwa anakwenda bweni."

"Na wewe unakwenda bweni," Wilkista alisema. "Niletee wembe."

Wakakaa sakafuni wakifumua majina. Uzi ulikatika upesi, ila matundu ya sindano yalibaki. Harufu ya sabuni ilienea, ikatoka sebuleni, ikaingia vyumbani, tamu na ngeni. Geresom aliporudi kula chakula cha mchana, alisimama barazani na kofia mkononi, hakuingia.

"Nani amekuja?" aliuliza.

Adero hakuwahi kuisikia sauti ile kwa baba yake. Ilikuwa sauti ya mtu anayeulizwa, si ya anayeuliza.

"Hakuna aliyekuja," Wilkista alisema. "Ingia."

Akaingia, akaona sanduku wazi, akaketi bila kuvua viatu.

"Msichana mwenyewe alinikabidhi mkononi," alisema. "Tulitumwa kusimamia wanaoondoka mtaa huu. Gari lilikuwa limejaa, na askari mmoja akamwambia kila mtu begi moja. Alikuwa nayo mawili. Akalitazama hili, akalitazama lile. Kisha akaja kwangu. 'Afande, niwekee hili. Nitamtuma mtu.' Nikamwambia ndiyo."

"Ulimwambia ndiyo tu?" Adero aliuliza.

"Ningemwambia nini, mwanangu? Na hata sikujua kwamba nyumba nitapewa mimi."

Wilkista alikunja shuka juu ya paja lake. "Kwa hiyo mtoto alale kwenye godoro tupu kwa ajili ya watu wanaostarehe Ulaya?"

"Nani amekwambia wako Ulaya?"

Wilkista aliuweka wembe sakafuni.

"Yako magari yaliyosimamishwa njiani," Geresom alisema taratibu. "Lile sijui. Nimeuliza kwa njia zangu, nikaona bora niache kuuliza. Mke wangu, unajua ninafanya kazi wapi." Akainuka, akaenda zake kazini bila kula.

Alasiri Adero alilipeleka sanduku chumbani alipange mwenyewe. Alitaka kuzikunja shuka kwa namna yake, mara nne halafu mara mbili, lakini kitambaa kilikataa. Kila alipokiachia kilirudi polepole kwenye mikunjo yake ya zamani, mkunjo wa mara tatu, kana kwamba mkono mwingine uliokuwa chini ya wake ulikuwa unamsahihisha. Alijaribu tena. Hakugeuka kuutazama mlango. Mwishowe akaiachia shuka ijikunje ilivyotaka, akasema kwa sauti ndogo, "Haya, dada. Kama unavyopenda."

Kisha akatafuta sindano. Geresom alipochungulia jioni, alimkuta anayashona majina tena, palepale penye matundu.

"Unazipeleka?" aliuliza.

"Ninazipeleka zikiwa zake, baba. Akimtuma mtu, atakuta zimetumika. Hatakuta zimeibwa."

Geresom alikitazama kipande cha sabuni. "Sabuni iache mwishoni," alisema. "Usiimalize."

Siku ya safari, Wilkista alimsindikiza hadi kwenye basi. Hadi kupita Tororo njia ilikuwa njema, lakini Busiu palikuwa na kizuizi cha barabarani, gogo na askari watatu. Walishushwa wote, mizigo ikapangwa ukingoni mwa mahindi. Askari kijana alifungua sanduku la ngozi kwa ncha ya kiatu, akachomoa shuka.

"Hii jina ya nani?"

"Ya dada yangu, afande."

"Gulshan? Hii ni jina ya Muhindi." Alimtazama Adero kutoka miguuni hadi kichwani. "Wewe iko na dada Muhindi?"

Abiria wote walikuwa wanatazama chini. Adero alijua jibu la busara: kwamba baba yake ni sajini, kwamba nyumba wamepewa na serikali, kwamba vitu ni vyao.

"Tulilala chumba kimoja," alisema.

Askari aliinamia sanduku. Alipekua, akaipata sabuni, akainusa karatasini, akaitia mfukoni. Shuka akaitupa juu ya sanduku. "Pandeni," aliwaambia wote.

Bweni la Mbale lilikuwa refu, lenye baridi inayoshuka mlimani hata adhuhuri. Adero alipewa kitanda cha mwisho wa safu, karibu na Nasimiyu, binti wa dereva wa malori. Kitanda kilichobaki kando ya dirisha hakikuwa na mtu.

"Cha Nulu," Nasimiyu alimwambia. "Hakuripoti. Wanasema baba yake alichukuliwa kwenye duka lake."

Kila jioni, mlezi wa bweni, Mama Topista, aliita majina, na alipofika kwa Nulu aliita, akangoja, kisha akaendelea. Hakulikata lile jina. Wasichana walizoea ule ukimya mfupi kama wanavyozoea hatua iliyovunjika kwenye ngazi. Adero hakuuzoea. Kila ulipokuja, alihisi mtu amesimama mlangoni, hajakaribishwa.

Jumamosi ya pili alifua shuka zake zote mbili, akazianika, zikakauka. Moja aliitandika kwake. Ya pili aliipeleka dirishani akaitandika juu ya lile godoro tupu, akaichomeka pembeni vizuri. Nasimiyu alimwangalia akidhani amepotewa na akili.

"Ya kazi gani?"

"Akija asikute godoro tupu."

Mama Topista aliiona jioni ile. Alishika pindo, akasoma jina, akalirudisha chini. Aliita majina kama kawaida.

Nulu alikuja muhula ukiwa umekwisha nusu, saa za chakula cha mchana, wakati wasichana wengi walipokuwa nje. Kichwa kilikuwa kimenyolewa. Hakuwa na sanduku, alishika mfuko wa karatasi tu, na miguu yake ilikuwa na vumbi la njia ndefu. Adero aliyekuwa anatafuta daftari alisimama. Mgeni alitazama vitanda, akaona cha dirishani, kimetandikwa na hakina sanduku chini yake.

"Hiki ni cha nani?"

"Ni chako," Adero alisema.

Nulu aliuweka mfuko chini. Alivua viatu, akalala juu ya shuka na nguo zake za safari, akageukia ukutani. Baada ya muda mabega yake yalianza kutikisika. Adero alifunga mlango taratibu, akaketi sakafuni kando ya kitanda kile mpaka kengele ya vipindi ikalia, na ilipolia hakuondoka.