Mume wa Malkia wa Marietta

Kwenye Mto Ohio meli ya mvuke haikujaliwa umri mrefu. Ya miaka mitatu ni kikongwe. Ya minne, mmiliki amshukuru Mungu. Hilo ndilo alilolitegemea Tirzah Pomfret, mjane aliyeuza kuni ukingoni, kwa kuwa Nahodha Asahel Goss alishamwambia kuhusu meli yake, "Malkia wa Marietta akifa, nakuoa."

Malkia alikuwa na miaka minne na bado hafi.

Kengele ya meli ikilia mara tatu, Tirzah alijua wanataka kuni. Abiria wa nusu nauli walishuka kuzibeba, kufidia nusu waliyopunguziwa, huku Asahel akila mkate wake wa mahindi.

"Subira huvuta heri, Nahodha, lakini yangu sasa inavuta mvi."

"Mvi zinakupendeza, Bi Tirzah."

"Nenda zako huko, mwongo!"

Masika yale Malkia akavaana na gogo lililozama, mbele ya ua wa kuni kabisa. Tumbo likapasuka, akakaa taratibu kwenye matope, na watu wakashuka na kuku wao, maji magotini. Tirzah akawapelekea kahawa. Alimwonea Asahel huruma kwa dhati, ila tabasamu lilimshinda kulificha.

Kesho yake akamkuta anafungua injini.

"Unaipeleka wapi?"

"Wanaunda meli mpya huko chini. Ndivyo tufanyavyo, mama. Mbao huoza, injini huhamia mwili mwingine."

"Uliniambia akifa!"

"Moyo wake mzima, Tirzah. Nitauachaje?"

Hapo Tirzah akapandwa na hasira kwelikweli. Miaka minne ameshindana na mwanamke wa chuma, na sasa huyo anafufuka!

"Basi usiuache!" akafoka. "Ulete hapa, injini ipasue mbao. Nina magogo ya kulisha misumeno kumi, nami nimechoka na shoka. Wewe na moyo wako, mkae!"

Asahel akautazama mto, akaitazama injini, akaondoka. Tirzah akalia kidogo, akarudi kwenye kuni zake.

Kiangazi kilipofika, kutoka banda jipya la misumeno alilolijenga Asahel uani kwa ajili ya injini ile, kengele ya Malkia ikalia mara tatu. Tirzah akaenda amekumbatia mzigo wa kuni.

"Nahodha, nimebeba kuni. Mnanipokea kwa nusu nauli?"

Asahel akamtua mzigo. "Wewe ulishalipa nauli nzima, mke wangu. Ingia."