Shati la Gordon Mbele ya Hakimu

Nianze kwa kusema kwamba mimi simchukii Joram Nakhungu. Wengi pale soko la Kibuye wanamchukia, na wana sababu zao, lakini nilimwona akila samaki nyumbani kwa Selpha mpaka akanyonya kichwa. Mtu anayenyonya kichwa cha ngege mbele ya wenyeji hajifanyi.

Nakhungu alikuwa wakili wa serikali, kijana wa Kimilili aliyeletwa Kisumu mwaka wa tisini na mbili, wakati wa fujo za vyama vingi. Alipewa kesi za watu waliouawa kwa risasi za polisi. Mtu wa serikali achunguze watu wa serikali! Kesi ya ngedere umpelekee nyani. Ndivyo tulivyosema sokoni, naye alijua tunasema hivyo kwa sababu nilimwambia mwenyewe, nikimtazama usoni.

Selpha Aoko alikuwa jirani yangu wa kibanda. Sote tuliuza mitumba, mimi makoti, yeye mashati. Mwanawe wa pekee, Gordon, alipigwa risasi akikimbia moshi wa gesi pamoja na umati mzima. Polisi wakasema alikuwa anawajia na panga. Redio ikatangaza kwamba mhalifu mmoja ameuawa Kisumu. Neno hilo ndilo lililomkosesha Selpha usingizi. Gordon mwenyewe, Selpha alimzika kwao Dunga, akalia, akanyoa nywele kama desturi inavyotaka. Lakini mhalifu hakuzikika. Selpha hakutaka fidia, wala hakuwa na tamaa ya kuona askari amefungwa. Alitaka hakimu aseme kwa sauti, watu wakisikia, kwamba mwanawe alipigwa akiwa amewapa mgongo.

Ushahidi wenyewe ulikuwa haba. Ripoti ya daktari ilisema amekufa kwa risasi, basi, haikusema iliingilia wapi, na daktari mwenyewe alikuwa amehamishwa mbali. Lilibaki shati. Lilikuwa la drafti ya bluu, lina tundu dogo katikati ya mabega, na mbele halikuwa na kitu kwa kuwa risasi haikutoka upande wa pili. Mhudumu wa chumba cha maiti alimpa Selpha nguo zile kwenye mfuko kabla polisi hawajazikumbuka. Selpha akalifungia shati kwenye sanduku la bati, na damu yake yote, akakataa kumwonyesha mtu yeyote isipokuwa mimi.

Nakhungu alipokuja mara ya kwanza kuliulizia, Selpha alimwambia hana shati. Mara ya pili alimwambia liliibwa. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu wakili alikuja na tai na viatu vinavyong'aa kwenye tope la Kibuye, kwa hiyo ungemlaumu nani? Lakini hakuchoka. Alikuja Jumapili baada ya Jumapili, siku ya soko kubwa, akakaa juu ya furushi langu bila kukaribishwa. Akanunua kwangu koti lenye mikono mifupi ambalo lilikuwa limenishinda kuuza. Akajifunza kutusalimia kwa Kijaluo kibovu, tukamcheka, akacheka na yeye. Hakumharakisha mtu.

Mwishowe Selpha alimwalika nyumbani. Siku hiyo ndiyo aliyokula kile kichwa cha samaki. Baada ya kunawa, Selpha alienda chumbani akarudi na shati, akalitandaza mezani. Nakhungu hakuligusa. Alilitazama, akavua miwani.

"Mama, sheria inataka nichukue hii shati, niweke kwa stoo ya polisi mpaka siku ya korti," alisema. "Sitaichukua. Tukiiweka huko, wewe unajua na mimi najua. Kaa nayo. Siku ikifika utaileta na mkono yako."

Selpha alimtazama kana kwamba ameongea lugha ya ndege. "Wewe mkubwa wa serikali unaniamini na hiyo kitu?"

"Nakuamini, Mama."

Tangu siku hiyo akamwita wuoda, mwanangu. Na habari ile ilizunguka soko haraka kuliko moto wa nyasi. Oketch, aliyebeba watu kwa baiskeli na aliyekuwa hatua chache nyuma ya Gordon siku ile, alikuwa ameapa kwamba hatafungua kinywa mbele ya mtu wa serikali hata wampige. Aliposikia shati limeachwa kwa mama, alikuja kibandani akiwa amevua kofia. "Min Gordon," alisema, yaani mama Gordon, "kama shati itafika kortini, na mimi nitafika." Nikaanza kuamini, na mimi siamini kirahisi. Nilithubutu hata kuwaambia watu kwamba safari hii tutaona mambo.

Uchunguzi wa kifo uliitishwa mwaka uliofuata. Wiki nzima kabla ya siku hiyo nilikuwa Luanda Kotieno kwenye matanga ya mjomba wangu, nikarudi asubuhi ile ile, nikaenda kortini moja kwa moja. Selpha alikuwa amevaa nguo yake ya kanisa. Mikononi alishika kitu kilichofungwa kwa leso mpya, amekipakata vizuri. Oketch alikuwa ameketi benchi la nyuma. Watu wa Dunga walijaa mpaka mlangoni, na nilikuwa sijawahi kuona watu wetu wakijipeleka kortini bila kukamatwa.

Nakhungu alimwita mbele. Akamwomba amwonyeshe hakimu nguo aliyovaa mwanawe siku ile. Selpha akafungua leso.

Shati lilikuwa limefuliwa. Halikusuuzwa tu, lilifuliwa vile tunavyofua mitumba ya daraja la kwanza, kwa sabuni na ndimu mpaka doa linasahau lilikokuwa. Lilipigwa pasi ya makaa na wanga, kola imesimama, limekunjwa kama la kuuza.  Nakhungu akashika ukingo wa meza.

"Mama," hakimu alisema, "risasi iliingilia wapi?"

Selpha alilikunjua, akaligeuza mgongo, akaliinua juu kwa mikono miwili. "Hapa."

Hakimu aliegemea mbele. "Mimi sioni kitu."

"Ndiyo, haionekani," alisema Selpha, na Mungu anisamehe, alisema kwa fahari. Alikuwa amechomoa nyuzi kutoka pindo la ndani, bluu kwa bluu na nyeupe kwa nyeupe, akaliziba tundu uzi mmoja mmoja. Pale Kibuye hakuna aliyemshinda kwa kazi hiyo.

 Hakimu akamwuliza kwa upole kwa nini aliliosha.

"Mwaka mzima nimeiweka vile ilikuwa," alijibu. "Lakini nitaleta mtoto mbele ya wakubwa na damu, na nguo imetoboka? Watu wangesema hana mama."

Wakili wa polisi alisimama, akasema kwamba Kibuye kuna mashati elfu ya drafti ya bluu, na hili angalau ni safi. Askari waliokaa mbele wakacheka. Nilitamani kumrukia wakili yule, lakini ningefanya nini, na alikuwa anasema kweli. Nilipogeuka, Oketch alikuwa anavaa kofia yake. Jina lake lilipoitwa, hakuwapo. Kabla jua halijachwa soko zima lilikuwa linasema kwamba Nakhungu ndiye aliyemwamuru Selpha afue, kwamba tangu mwanzo alitumwa, na kwamba samaki wote wale alikuwa anawala kazini. Nilibishana mpaka sauti ikakauka. Hakuna aliyenisikiliza, na wengine walianza kuuliza mimi nililipwa nini.

Hakimu alitoa uamuzi wake wiki hiyo hiyo. Gordon alikufa kwa risasi, na hakuna ushahidi wa kutosha kuonyesha aliuawa akiwa katika hali gani. Ya mgongo hayakutajwa, na panga lilibaki palepale.

Nje, karibu na ngazi, Selpha alimsimamisha Nakhungu. Nilikuwa nimemshika mkono.

"Wuoda, niambie. Ni mimi nimeharibu?"

 Najua Nakhungu alitaka kumtua mzigo, na ningekuwa yeye ningesema vile vile.

"Hapana, Mama. Hata ingekuja na damu yake yote, hawa wangesema hivyo hivyo."

 Selpha alilichunguza jibu lile kama anavyochunguza nguo kabla ya kuitolea pesa. Akautoa mkono wake kwangu.

"Na ulijua hivyo?"

Nakhungu alivua miwani, akaanza kuifuta kwa tai.

"Basi ulikuwa unaitafutia nini?"

 Nakhungu akanitazama mimi, kama nina neno la kumkopesha. Selpha aliikunja ile leso tupu, maana shati lilikuwa limebaki kwa karani, akaniambia twende. Kisha akamgeukia, bila hasira, kama mama anavyomwonya mtoto wa mwenzake.

"Usikuje tena Kibuye," alisema. "Watu wananiangalia."