Lenzi ya Kumpigia Mama Mkwe

Mume wangu ni mpiga picha, na mkono wake si wa kubabaika. Aliwahi kumpiga picha bibi harusi akiwa anateleza kwenye ngazi, na picha ikatoka safi. Lakini akisimama mbele ya mama yangu, basi, anatetemeka utadhani ana homa. Miaka saba ya ndoa, na mama hana picha hata moja iliyotulia. Katika ile ya kwanza kabisa ana pua mbili.

"Mumeo hanipendi," mama huniambia. "Watu wote wanatoka watu, mimi peke yangu natoka moshi."

Safari hii mambo yalikuwa mazito. Mama alikuwa anastaafu unesi, na hospitali ilitaka picha yake ukutani, kama wauguzi wakuu waliomtangulia: mwili mzima, kuanzia kofia hadi viatu. Alikuja studio akasema kwa ile sauti yake ya wodini, "Namjaribu mumeo mara ya mwisho. Ijumaa akiharibu, navuka barabara."

Ng'ambo ya barabara kuna studio ya mshindani wetu. Mama yangu mzazi akapigwe picha kule! Heri tungefunga duka.

Mume wangu akaenda kununua lenzi, nami nikamsindikiza, maana akiachwa peke yake hashikiki. Muuzaji alituwekea mbili mezani, zote za kuvuta vitu vya mbali. Moja nyepesi, inaingia hata kwenye mkoba wangu. Niliipenda papo hapo. Nyingine nzito kama mtoto wa miezi mitatu, ila ndani ina vioo vinavyojisogeza vyenyewe kufuta mtikisiko wa mkono. Muuzaji akamwambia azijaribu amesimama kwa mguu mmoja. Akayumba pale mlangoni, akipiga bango la duka la dawa mwisho wa mtaa. Nyepesi ikatoa ukungu mtupu. Nzito ikatoa mpaka namba ya simu.

"Ila inatuliza mkono wako tu," muuzaji akaonya. "Anayepigwa akitikisika, hapo haina msaada."

"Huyu hatikisiki," mume wangu akajibu. "Hajawahi."

Tukakubaliana mama asijue lolote.

Ijumaa mama akaja na sare nyeupe iliyonyooka kwa pasi, akasimama mbele ya pazia, uso umekazwa. Mume wangu akainua lenzi, kisha akaishusha taratibu. Kuna jambo moja sisi wajanja wawili hatukulifikiria kule dukani: studio yetu ni hatua nne, ukuta hadi ukuta. Akipata kofia, anakosa viatu. Akipata viatu, anakosa mama.

Akarudi nyuma mpaka mlangoni. Bado miguu ilikatika. Akashuka barabarani, akapigiwa honi, akavuka kabisa. Akajikuta amesimama kibarazani kwa mshindani wetu, ambaye alitoka na kikombe chake cha chai aje kujionea. Lori la magodoro likapita katikati wakati mume wangu anabonyeza. Magodoro yalitoka vizuri sana.

"Mama! Kidevu juu!" akapaza sauti. Mtu ambaye kwa miaka saba shikamoo yake kwa mama haivuki meno!

"Mama, kidevu!" fundi viatu wa jirani akamrudishia.

Mama akainua kidevu, akazidi kununa. Pikipiki zikapita. Sijui ni ule umbali au zile honi, mdomo ukamponyoka mume wangu:

"Mama, usininunie, mimi sijakataa sindano!"

Fundi viatu akaacha nyundo hewani. Nilifumba macho. Niliogopa kwelikweli, maana ndoa yangu naipenda.

Kisha nikasikia sauti nisiyoijua. Mama alikuwa anacheka. Anacheka kwa mdomo wote, kofia imeenda upande, mkono kifuani. Na kule ng'ambo mume wangu alikuwa anatetemeka kuliko siku zote, viwiko vinacheza, lakini kidole hakikuacha kubonyeza.

Alipiga kumi na moja. Kumi ziliharibika, kwa sababu mabega ya mama yalikuwa yanaruka, kama muuzaji alivyoonya. Katika moja mama alikuwa ametulia kidogo kuvuta pumzi. Hiyo ilitoka na kila kifungo, kila mkunjo wa jicho, mpaka kamba za viatu.

Mama aliishika muda mrefu.

"Waweke hii," akasema. "Kununa kwangu wanakujua." Kisha akamgeukia mume wangu, na kwa mara ya kwanza akamwita mwanawe. "Kumbe mkono wako umetulia hivi, mwanangu! Miaka yote nilidhani unaniogopa."

Mume wangu ni mkweli kupita kiasi. Akafungua mdomo aeleze habari za lenzi.

Nikamkanyaga mguu.