Mbuzi Asiyelia Mee

Jana usiku niliota ugali umeungua, na jiko langu zima limeitisha mkutano kumtafuta mkosaji.

Mwiko akapanda juu ya kinu. "Ndugu zangu, sisi wenyeji hatuunguzi. Kuna mgeni humu!" Akamnyooshea kidole Mbuzi, kigoda cha kukunia nazi alichoniachia jirani alipohamia Tanga. Huku kwetu Kondoa hana mwenzake.

"Mimi mekoni sijafika," Mbuzi akasema. "Nakaa mlangoni."

"Mmesikia? Amekiri kukaa mlangoni!"

Sufuria zikapiga vifuniko kwa hasira.

"Wanaotaka nitawale wanyooshe mkono," Mwiko akasema. Vikombe vyote vina mkono.

"Sisi tumetoka hivi kiwandani," kikombe kimoja kinanong'ona. Kinahesabiwa hivyo hivyo.

Basi Mwiko akashinda. "Kuanzia sasa nikisema jambo ni mwiko, ni mwiko, maana Mwiko ni mimi." Nazi, mwiko. Kucheka, mwiko. Kukaa mlangoni, mwiko. Sahani zimelala kifudifudi, zinajifanya hazisikii.

Mara jiko likawa mahakama. Hakimu ni chujio. Maneno ya Mbuzi yanapita yote, yanamwagika sakafuni. Makapi ya Mwiko ndiyo yanabaki.

"Unaitwa mbuzi?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Mbuzi wa kweli hulia mee. Lia."

"Mimi ni ubao na chuma, mheshimiwa."

"Ameshindwa! Motoni!"

Mkamwana wangu Sikudhani alikuwa anashangilia kushinda sufuria. Nikamvuta kanga. "Kwani ugali nani kaunguza?"

"Mimi, mama. Nilikuwa naongea na simu. Nyamaza basi, watanigeukia!"

"Na wakimmaliza huyu watashiba?"

"Wameshaanza kuulizia sahani zenye nyufa," akasema, huku anapiga makofi.

Nikasimama. "We Mwiko! Si nilikununua gulioni, ukanililia nikupake mafuta usipasuke? Leo wewe ndiye wa kutuambia nani mwenyeji?"

Hata hakunitazama. "Kutaja gulio ni mwiko. Bibi naye motoni."

Vijiko vinanikokota kuelekea mafiga. Mbele yangu Mbuzi ameshafikishwa, moshi unamzunguka. Mwiko anamwinamia, karibu kabisa na meno yake ya kukunia.

"Mara ya mwisho. Sema mee."

Nikaamka.

Asubuhi nikaingia jikoni kukoroga uji. Mwiko sikuuona. Mbuzi yupo palepale mlangoni, hana hata alama ya moshi. Wiki nzima sijakuna nazi, lakini meno yake yamejaa unga laini. Nikauonja.

Mti mtupu.